Kazi zimekwisha, haki zangu je?

Nina miaka 14 na miezi 8 kiwandani. Oda zimekatika, tumeambiwa tutapunguzwa. Nitalipwa siku ngapi?

Inategemea uko chini ya sheria ipi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, lakini hesabu inagota kwenye miaka 10. Basi ni siku 70. Ile minne ya juu imekwenda na maji. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka zisizopungua 15 kwa mwaka, bila kikomo hicho: siku 210. Miezi yako 8 haihesabiwi kokote. Hicho ni kima cha chini tu, kwa hiyo soma na mkataba wa chama cha wafanyakazi kama upo.

Malipo hayo ya kupunguzwa, yaani kiinua mgongo, hayamezi malipo mengine. Dai pia siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, notisi na cheti cha utumishi. Nimeona watu wakigombania kiinua mgongo mpaka jasho, huku likizo ya miaka miwili wameisahau.

Bosi alitutumia meseji Ijumaa: "Kazi hakuna, kaeni nyumbani, tutawaita." Hii wiki ya sita.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Hujafukuzwa, hujapunguzwa, na hulipwi. "Tutawaita" si notisi, wala si likizo bila malipo, maana likizo ya namna hiyo hutaka makubaliano.

Itunze hiyo meseji. Kisha andika barua ya mistari mitatu: tarehe uliyorudishwa nyumbani, kwamba uko tayari kufanya kazi, na kwamba unaomba kujua hatima ya ajira yako. Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Usiandike kwa hasira kwamba umeacha kazi, utakuwa umemrahisishia. Kwa walioko Tanzania, lalamiko la kuachishwa isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, ndiyo maana tarehe iliyoandikwa ni mali.

Ametupunguza sisi wa zamani, akawabakiza shemeji zake walioingia juzi. Inaruhusiwa?

Sheria ya Kenya inataja vya kuangalia: muda kazini, ujuzi, uwezo na kutegemewa. Ushemeji haumo. Tanzania, mwajiri anatakiwa ashauriane nanyi kuhusu namna ya kuchagua kabla hajapunguza mtu. Ombeni vigezo kwa maandishi.

Wananipa nafasi tawi jingine. Nikikataa?

Tanzania, ukikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, kiinua mgongo unakikosa. Kama mshahara umeshuka au umbali haubebeki, sababu unayo; iandike kwenye jibu lako.