Koili inachomoza upande

SWALI: Shikamoo fundi. Niko kiwanda cha mabati, naendesha mashine ya kukunja koili (bati refu lililozungushwa kama roli), sasa koili ikinenepa mizunguko ya ndani inachomoza upande mmoja. Mwenzangu huwa anaisukuma na kipande cha mbao mashine ikitembea. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo mbao iacheni leo leo, tafadhali sana! Ukingo wa bati unakata kama wembe, na mkono ukivutwa kati ya bati na koili hakuna atakayewahi kuzima. Simamisheni, zima swichi kuu, piga kufuli ndo usogee.

Kuchomoza mara nyingi ni mvuto, yaani nguvu inayovuta bati likaze linapozungushwa. Angalia mandreli (ile shafti ya katikati koili inapozungushiwa) imetanuka vizuri, alafu mizunguko ya mwanzo ikaze kweli, baadae punguza mvuto kidogo kidogo koili inavyonenepa, maana ukikaza nje kuliko ndani mizunguko ya ndani inateleza, hasa bati likiwa na mafuta mengi. Kama mvuto uko sawa cheki bati linaingia limenyooka, rola zinaweza kuwa zimepinda.

Na ukimaliza, funga mikanda ya chuma kabla hujaachia rola ya kukandamiza, koili ikifyatuka inaua mtu.