Vijipu vya mtoto, sabuni ya dawa na mafuta ya nazi

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 6, tunaishi Makorora, Tanga. Kwa joto hili namwogesha mara tatu kwa siku kwa sabuni ya dawa na dodoki, lakini ngozi imepauka na vijipu haviishi. Jirani anasema nimpake mafuta ya nazi kwa sababu yanaua bakteria. Ni kweli? Na maji ya dawa ya kusukutulia yanamfaa?

JIBU: Mama, anza kwa kupunguza sabuni.

Ngozi hujitengenezea dawa yake. Tezi za mafuta hutoa mafuta ambayo, yakivunjwa juu ya ngozi, huacha asidi za mafuta zilizo huru, zikiwemo ya sapieniki na ya lauriki. Tabaka la juu la ngozi nalo, linapovunja mafuta yake yaitwayo seramidi, hutoa sifingosini. Vitu hivi huvuruga utando wa bakteria kama stafilokoka, ambaye ndiye msababishi mkuu wa majipu, mpaka anavuja na kufa. Ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu; namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa) kama 4.5 hadi 5.5, ilhali sabuni nyingi za kipande, hata za dawa, zina 9 hadi 10, hivyo huondoa uchachu huo. Mtoto wa miaka 6 ana shida zaidi: tezi zake za mafuta hazichangamki mpaka abalehe, kwa hiyo hutegemea sana lile tabaka la juu, na ndilo dodoki linalolikwangua mara tatu kila siku.

Kuoga mara tatu si kosa, ila iwe kwa maji matupu. Sabuni itumike mara moja, jioni, isiyo na manukato makali, na ipite kwapani, kinenani na miguuni tu. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Dodoki liache kabisa. Likikaa bichi bafuni huzalisha bakteria, kisha linawaingiza kwenye michubuko ileile lililoitia. Mkaushe kwa kubonyezabonyeza taulo lake mwenyewe.

Jirani yako amepatia nusu. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni lauriki, lakini zimefungwa tatu tatu kwenye gliserini, na zikiwa zimefungwa hivyo haziui bakteria. Zikifika kwenye ngozi, vimeng'enya hufungua chache tu. Faida kubwa ya mafuta hayo ni kuzuia maji yasitoke na kulainisha ngozi iliyopasuka, ili irudie kazi yake. Mpake kijiko kimoja cha chai mwili mzima, ngozi ikiwa bado na unyevu. Usipake juu ya jipu lililopasuka, wala mafuta yaliyochacha. Akiwa na madoa meupe ya fangasi mgongoni au kifuani, ruka sehemu hizo: fangasi wale hula mafuta, na jasho la pwani huwaongezea nguvu.

Mdomoni, mate yana asidi za mafuta za namna hiyo pia, pamoja na kinga nyingine. Maji ya kusukutulia hayahitajiki kwa umri huu; anaweza kuyameza, na yenye spiriti hukausha mdomo. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mbaazi, ateme bila kusukutua. Anywe maji mara kwa mara. Juisi na barafu za sukari za kunyonya kutwa nzima huwalisha bakteria wa meno.

Vijipu vilivyopo vikande kwa kitambaa safi cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Usikamue. Akipata homa, wekundu ukisambaa, jipu likitokea karibu na jicho, au vikiendelea kujirudia, mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Bombo. Ukiwa huko sema kama kuna mwingine nyumbani mwenye majipu, maana bakteria wa majipu hukaa puani na kuhamia kwa mtoto kupitia taulo na shuka. Fua hizo kwa maji ya moto, uzianike juani.