Maswali Yenu: Ndevu, Daftari na Nauli ya Mtwara

Mbukwenyi! Tangu mitaa yetu ianze kujadili misimamo mikali mikutanoni, katikati ya ajenda ya maji na ya taka, barua zimekuwa nyingi. Nimechagua nne.

*Jirani amefuga ndevu na kufupisha suruali. Nitoe taarifa? (Mama, Chang'ombe)*

Hapana, mama. Hiyo ni ibada yake, na Ibara ya 19 ya Katiba inailinda. Anayeanza kuwaambia vijana kwamba fulani wanastahili kuuawa, huyo ndiye wa kutolea taarifa.

*Mimi ni mwenyekiti wa mtaa. Tunaambiwa tulinde, nami nina daftari na filimbi tu.*

Umenichekesha, lakini ndivyo ilivyo. Juu kuna Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya chini ya DC, kisha mtendaji na polisi kata, kisha wewe. Agizo linashuka ngazi zote hizo; fungu linaishia njiani. Kwenye ofisi moja ya mtaa nilifunua daftari la wakazi: mpangaji wa mwisho kuandikwa aliingia miaka mitatu nyuma, kurasa zilizofuata ni michango ya misiba. Na Dodoma hii, tangu serikali ihamie, kila wiki kuna mgeni. Wabane wenye nyumba walete wapangaji waandikwe, Muislamu, Mkristo na asiye na dini. Ukiandika wa upande mmoja, siku ya tatizo hakuna atakayekunong'oneza.

*Kijana wangu kaahidiwa kazi Mtwara, nauli analipiwa na mtu wa kwenye simu. (Baba, Kondoa)*

Mzee, asipande basi kwanza. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Cabo Delgado huko Msumbiji, vita vinaendelea tangu 2017, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hofu ni kijana asije akavushwa kwenda kupigana. Kweli, korosho zina vibarua halali. Basi apige simu mbele yako: mwajiri nani, kazi gani, analala wapi? Majibu yakipinda, mwite imamu anayemheshimu, muende naye kwa polisi kata.

*Nikimtaja mtu akakamatwa bure?*

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ni nzito, kwa hiyo hofu yako ina maana. Eleza ulichoona na kusikia, siku na saa. Dhana zako baki nazo. Na usianzie kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.