Maswali Yenu: Bendi Inapiga Laivu, Kamera Ziko Studioni

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Sisi ni wanafunzi watano wa video. Tumerekodi bendi ikipiga laivu studioni kwa kamera tatu, moja ikiwa simu. Sauti aliirekodi fundi mitambo kwenye kompyuta yake. Mwanzo wa wimbo picha na sauti zinaenda sawa, lakini ikifika dakika ya nne mpiga dramu anagonga kabla mlio haujasikika. Tumesogeza picha mara nyingi, haikai. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwanzo ukikaa na mwisho ukaachia, kosa haliko mahali mlipoiweka picha. Picha na sauti hazitembei kwa kasi moja, na kila mkisogeza mnahamisha kosa tu kutoka mwisho wa wimbo kwenda mwanzo.

Pimeni pengo lenyewe. Nendeni kwenye pigo la mwisho la snea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali), mtafute fremu ambayo ncha ya kijiti inagusa ngozi, kisha mhesabu fremu ngapi zinapita hadi sauti inapochomoza kama mwiba kwenye mchoro wa wimbi. Saa ya kamera na saa ya kompyuta hazilingani kabisa, ila kwa wimbo wa dakika nne tofauti yake kwa kawaida haifiki hata fremu moja. Mkikuta fremu sita hivi, ishukuni kasi ya fremu, yaani idadi ya fremu kwa sekunde. Kamera nyingi zinaandika 24 kwenye menyu huku zinarekodi 23.976. Programu ikiisoma video hiyo kama 24 kamili, picha inakimbia kwa sehemu moja katika elfu, na kwa dakika nne hiyo ni sekunde 0.24. Kijiti kinatangulia, mlio unafuata. Hapo hamna haja ya kukata kitu: ingieni kwenye sifa za faili ndani ya programu, mrudishe kasi iwe ile iliyorekodiwa.

Pengo likiwa linapanuka na kusinyaa bila mpangilio, tazameni ile simu. Simu nyingi hupunguza fremu zenyewe mwanga ukififia, kisha huziongeza tena. Faili yake igeuzwe kwanza iwe na kasi moja isiyobadilika, ndipo iingie kwenye uhariri. Kwa vyovyote vile, msiguse kasi ya sauti. Sauti ndiyo rula na picha ndiyo inayopimwa.

Safari ijayo kubalianeni kabla ya kufungua mikoba: kamera zote fremu 25 (au 30, mradi ziwe sawa), sauti kilohezi 48, biti 24. Kamera zirekodi sauti zao pia, hata kama ni mbaya, maana ndizo zitakazowasaidia kulinganisha. Kila mara bendi inapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya maikrofoni iliyo wazi, mahali kamera zote zinamwona. Wimbo ukiisha, apige tena. Kofi la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloonyesha kama kasi zimeachana.

Jambo moja dogo zaidi: kamera iliyo mita 7 kutoka kwenye dramu inasikia pigo likiwa limechelewa milisekunde 20, nusu ya fremu. Programu ikilinganisha kwa sauti peke yake, picha ya kamera ya mbali itatangulia sauti kidogo. Amueni kwa macho, kwa lile kofi.

SWALI: Mwongozaji wetu anataka mwimbaji asimame mbele na dramu nyuma yake, kama jukwaani. Fundi mitambo anakataa, anasema dramu zitaingia kwenye maikrofoni ya sauti. Nani asikilizwe?

JIBU: Fundi. Maikrofoni ya kuimbia ya aina ya kadioidi inasikia vizuri mbele na inakuwa karibu kiziwi mgongoni. Mwimbaji akizipa dramu mgongo, uso wa maikrofoni unaelekea kwake na pia kwa dramu, na kila pigo la simbali linapita begani kwake na kuingia kwenye sauti. Baadaye fundi akiongeza sauti ya mwimbaji, dramu zinapanda nayo. Hakuna kitufe cha kuondoa hilo bila kuiumiza sauti.

Panga bendi kwa duara, mwimbaji na mpiga dramu watazamane. Sasa mgongo wa maikrofoni ndio unaoelekea kwenye dramu. Mdomo uwe sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye maikrofoni, na stendi iingie kutoka pembeni, chini kidogo ya kidevu, ili kamera ipate uso mzima. Gitaa la besi lipite kwenye boksi la DI (kifaa kinachopeleka sauti yake moja kwa moja kwenye mitambo) bila spika. Spika ya gitaa ihamishiwe chumba kingine au izungushiwe magodoro. Wote wavae hedifoni zilizofungwa, na kliki (mlio wa kuhesabia mapigo unaosikika kwenye hedifoni) iwe ya chini: kliki kali huvuja, nayo husikika palepale wimbo unapomalizikia kwa noti moja ndefu.

Mwongozaji hapotezi kitu, tunamhakikishia. Ndani ya duara wanamuziki wanaangaliana, wanapeana ishara za kuingia na kutoka, na nyuso hizo ndizo picha nzuri kuliko zote za siku hiyo.

SWALI: Picha ina mistari ya giza inayopanda na kushuka, na gitaa linavuma tukiwasha taa. Je, taa ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Umeme ukiwa wa hezi 50, wekeni shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50; ukiwa wa hezi 60, wekeni 1/60. Mistari ikibaki, taa za LED zimepunguzwa mwanga kwa kitasa: ziwasheni hadi mwisho, kisha mzisogeze mbali au mzifunike kwa kitambaa cheupe kisichoshika moto. Vitasa hivyohivyo ndivyo mara nyingi huleta mvumo kwenye gitaa. Taa zitumie laini nyingine ya umeme, si ile ya spika na kompyuta, na waya wa taa ukikutana na wa gitaa, vipishane kama msalaba, visilale sambamba.

SWALI: Kadi ya GB 64 inatosha siku nzima?

JIBU: Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45, hivyo kadi hiyo inajaa kwa dakika 85 hivi. Bendi ikirudia kila wimbo mara tatu, nyimbo nne za dakika tano zinamaliza saa nzima, bado hamjahesabu maandalizi. Kila kamera iwe na kadi mbili. Simamisheni kurekodi na kuanza upya kati ya nyimbo, kwani baadhi ya kamera huacha kurekodi zenyewe zikikaribia dakika 30. Kadi isifutwe mpaka faili ziwe kwenye diski mbili tofauti na mtu awe amezifungua zote mbili akazitazama.