Nimepata mtoto, testosteroni imeshuka: je, nichomwe sindano?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 33 na mtoto wetu wa kwanza ana miezi minne. Usiku mara nyingi mimi ndiye ninayeamka kumbembeleza, na nikirudi kutoka kazini nambeba hadi alale. Tangu azaliwe, hamu ya tendo la ndoa imepungua na machozi yananitoka kwa mambo madogo. Nilikwenda maabara jioni moja baada ya kazi nikapima testosteroni, ikaonekana iko chini kidogo ya kiwango cha kawaida. Rafiki yangu ananishauri nichomwe sindano za homoni. Je, ni kweli kulea mtoto kunashusha homoni za mwanamume? Nichomwe? Na zitapanda tena? Mke wangu naye hana hamu kabisa.

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa mtoto, na tafadhali usichomwe hiyo sindano. Sababu nitaieleza, lakini kwanza nijibu swali lako kuhusu malezi, maana ukilielewa hilo hofu yako itapungua sana.

Ndiyo, ni kweli. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka Cebu, Ufilipino. Mwaka 2005 watafiti walipima testosteroni kwenye mate ya wanaume 624 wenye umri wa miaka ishirini na moja hivi, kisha wakawapima tena baada ya miaka minne na nusu. Waliokuwa hawana mke wala mtoto, na katika kipindi hicho wakapata vyote viwili, testosteroni yao ya asubuhi ilishuka kwa takriban asilimia 26 na ya jioni kwa asilimia 34. Wenzao waliobaki peke yao walishuka kwa kiasi kidogo zaidi. Na baba aliyetumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto alikuwa na kiwango cha chini kuliko baba asiyeshiriki malezi.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo natamani kila baba alijue. Vijana waliokuwa na testosteroni ya juu mwaka 2005 ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mwenza na mtoto baadaye. Kwa hiyo si kwamba wanaume wenye homoni kidogo ndio wanaoishia kulea. Homoni ilikuwepo, ikashuka mtoto alipofika.

Je, kuitwa baba peke yake kunatosha kuishusha? Inaonekana hakutoshi. Huko Tanzania watafiti walilinganisha Wahadzabe na Wadatoga, jamii mbili zinazopakana. Miongoni mwa Wahadzabe, ambako baba hukaa sana na watoto wadogo, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, ambako kumhudumia mtoto mchanga si kazi ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Kinachousukuma mwili, basi, ni ukaribu: kumbeba, kumsikia akilia, kumnyamazisha. Katika jaribio moja wanaume walisikilizishwa kilio cha mtoto. Waliopewa mwanasesere anayelia na akanyamaza walipomhudumia, testosteroni yao ilishuka. Waliosikia kilio bila kuwa na njia ya kusaidia, ilipanda. Kilio kilikuwa kilekile, lakini mwili ulijibu kulingana na kile mtu alichoweza kufanya.

Wakati testosteroni inashuka, homoni nyingine zinapanda. Prolaktini, inayojulikana zaidi kwa kazi ya kutengeneza maziwa, huongezeka pia kwa akina baba kuelekea kujifungua kwa wenza wao. Baba mwenye prolaktini ya juu zaidi huelekea kushtuka na kuitikia haraka mtoto anapolia. Oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu wa mzazi na mtoto, nayo: mwaka 2010 watafiti wa Israeli walipima wazazi wapya katika miezi sita ya kwanza, wakakuta kiwango cha baba na cha mama hakitofautiani. Walichotofautiana ni tabia iliyoambatana nayo. Kwa mama, oksitosini ya juu ilikwenda na kupapasa, kumtazama mtoto usoni na kumsemesha kwa sauti laini. Kwa baba ilikwenda na kumchezesha, kumrusharusha na kumwonyesha vitu. Hata ubongo unafuata mkondo huohuo. Akina baba waliokuwa walezi wakuu wa mtoto, bila mama nyumbani, walionyesha utendaji wa amigdala, sehemu ya ubongo inayokesha kwa ajili ya hatari, unaofanana na wa akina mama. Ndiyo maana siku hizi unaweza kuwa usingizini na bado ukasikia mtoto anajigeuza. Machozi ya haraka huenda nayo yanatokana kwa kiasi fulani na mabadiliko haya, ila nitayarudia.

Sasa kipimo chako. Ulipima jioni, mara moja, baada ya miezi ya usingizi wa mang'amung'amu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, na viwango vya kawaida ambavyo madaktari hulinganisha navyo ni vya damu ya asubuhi. Kukosa usingizi kunaishusha zaidi: mwaka 2011, huko Chicago, vijana kumi wenye afya nzuri walilala saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe unalala saa ngapi? Jumlisha jioni, usingizi na malezi, kisha uniambie kama karatasi ile ya maabara inatosha kukuita mgonjwa. Mimi nasema haitoshi. Upungufu wa kweli huthibitishwa kwa vipimo viwili, siku mbili tofauti, asubuhi kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula.

Sindano ina madhara ambayo rafiki yako pengine hayajui. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huacha kutuma amri kwa korodani, nazo husimamisha utengenezaji wa mbegu. Shirika la Afya Duniani lilitumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi: mwaka 1990 lilichapisha matokeo ya kuwachoma wanaume testosteroni kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango, na ilifanya kazi. Ukiacha sindano, mbegu huchukua miezi mingi kurudi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Mtoto wako wa kwanza ana miezi minne, na sidhani umeamua kuishia hapo.

Kuhusu mke wako, yeye amepitia mtikisiko mkubwa kuliko wako. Kondo la nyuma linapotoka, estrojeni na projesteroni huporomoka ndani ya siku chache. Kama ananyonyesha, prolaktini inaendelea kuzuia estrojeni isipande, na hapo hamu hupungua na uke huwa mkavu, kiasi kwamba tendo linaweza kumuuma. Halihusiani na kukuchoka wewe. Kilainishi cha maji husaidia, na subira zaidi.

Narudi kwenye machozi. Takriban baba mmoja kati ya kumi hupata sonona mtoto anapokuwa mdogo, na kipindi kibaya zaidi ni kati ya miezi mitatu na sita, yaani hapo ulipo. Kuguswa haraka pekee hakunitishi. Lakini kama kwa wiki mbili mfululizo hufurahii chochote, unajiona huna thamani, au umewahi kuwaza kujidhuru, mwone daktari wiki hii hii, usingoje kipimo cha homoni. Hata hapo testosteroni si jibu la kukimbilia. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2017 baba wenye testosteroni ya chini walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, ila wenza wao walikuwa na dalili chache. Na baba wenye testosteroni ya juu ndio walioelekea kuwa wakali zaidi nyumbani. Sonona ya baba ina matibabu yake: mazungumzo na mtaalamu, usingizi, mazoezi, na dawa zake inapobidi.

Je, itapanda? Kule Cebu, walioshuka zaidi ni wale waliokuwa na mtoto wa chini ya mwezi mmoja, na waliokuwa na watoto wakubwa zaidi hawakuwa chini kiasi hicho. Kwa hiyo tarajia ipande taratibu mtoto anapokua, ingawa huenda isifike ilipokuwa enzi za useja, na hakuna ubaya.

Pangeni zamu na mke wako ili upate angalau usiku kadhaa wa kulala kwa wiki, kisha baada ya miezi miwili upime asubuhi kama nilivyoeleza. Vipimo vyote viwili vikiwa chini, omba prolaktini ipimwe pia. Ongezeko linaloletwa na malezi ni dogo. Prolaktini iliyopanda mara kadhaa, hasa ikiambatana na maumivu ya kichwa, macho kupoteza uoni wa pembeni au chuchu kutoa maji, inaweza kuashiria uvimbe kwenye pituitari, na huo huchunguzwa kwa picha ya MRI na mara nyingi hutibika kwa vidonge.