Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Ziwani Bila Gari

Likizo ya Juni inakaribia, na barua zilizotufikia kutoka Mwanza na wilaya za jirani zinauliza jambo linalofanana: familia isiyo na gari itafikaje ziwani, ikae siku nzima, na irudi nyumbani bila kukopa. Tumechagua barua tano.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 12, 7 na 3, na ninaishi Igoma. Baba yao yuko kikazi mkoa mwingine, na gari hatuna. Kila Jumamosi watoto wananiomba niwapeleke bichi, lakini nilipopiga hesabu ya bajaji kwenda na kurudi niliona fedha yote imeishia barabarani kabla hatujanunua hata soda. Je, inawezekana kwenda na kurudi kwa daladala?

Inawezekana, dada yetu, ila nakuomba ugeuze mpangilio wa kufikiri. Wengi wetu huchagua ufukwe kwanza, kisha tukatafuta usafiri wa kwenda, na habari ya kurudi tukaiachia jioni yenyewe. Jioni ndiyo inayokula fedha, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu amelala begani, jua limezama, kituo kiko mbali, na hapo mwenye bajaji hukutajia bei akijua kwamba huna pa kukimbilia. Anza na chombo cha kurudia. Ufukwe ambao daladala hupita karibu nao hadi usiku ni wa bei nafuu kuliko ufukwe wa bure uliojificha.

Kwa kipimo hicho, njia ya uwanja wa ndege inakufaa kuliko nyingine. Teremka katikati ya mji, kisha upande daladala zinazopita Kirumba na Pasiansi. Upande huo wa Ilemela ndiko ziliko fukwe za hoteli zinazojulikana zaidi, kama vile Malaika na Tunza, na kinachobaki kutoka barabara kuu ni kipande kifupi cha kumalizia kwa miguu, au kwa bajaji moja itakayowachukua wote wanne kwa nauli moja. Huyo wa miaka mitatu mpakate. Mtoto wa kupakatwa kwa kawaida halipiwi. Wa miaka saba patana na konda kabla gari halijaondoka, wala si baada ya kuteremka.

Kuhusu fukwe za hoteli kuna tahadhari moja niliyojifunza kwa aibu. Mwaka fulani nilikwenda na wajukuu wawili mahali ambapo sitapataja, nikiwa na hotipoti la pilau na chupa ya chai, nikatandika mkeka, nikapakua, na ndipo mhudumu akaja kunieleza kwa upole kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, ama nilipe faini ama nirudishe hotipoti ndani ya kikapu. Tukala nje ya geti, tumesimama. Tangu siku hiyo huuliza mambo matatu getini kabla sijavua viatu: je, kuna kiingilio, je, kiingilio hicho hukatwa kwenye bei ya chakula, na je, chakula changu kinaruhusiwa? Ukijibiwa vibaya katika swali la tatu, walishe watoto washibe kabla ya kuingia, kisha ndani ununue soda tu.

Hata hivyo, ningekuwa wewe, safari ya kwanza nisingeipeleka hotelini kabisa. Ningewapandisha watoto kivuko cha Kamanga. Kivuko hicho huondokea katikati ya jiji na kuvuka Ghuba ya Mwanza hadi upande wa Sengerema kwa takriban nusu saa, na abiria wa miguu hulipa nauli ndogo tu. Mtoto wa Igoma anayeliona ziwa kwa mbali kila siku hupata jambo jipya kabisa anapolikuta chini ya miguu yake, huku Jiwe la Bismarck likibaki nyuma, limekaa juu ya miamba mingine kana kwamba liliwekwa kwa mkono. Ng'ambo mtapata kivuli, mtakula michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na mihogo mliyobeba, mtaangalia magari yakipanda na kushuka, kisha mtarudi na kivuko kinachofuata. Kabla hamjavuka, uliza saa ya kivuko cha mwisho, na upange kurudi na kinachokitangulia hicho cha mwisho. Na yule wa miaka mitatu usimwachie mkono hata mara moja mnapokuwa karibu na ukingo.

Wakwe zangu wanatoka Tabora kuja kututembelea hapa Buhongwa, nasi tutakuwa watu wazima sita na watoto wanne. Nimefikiria kuwapeleka Kisiwa cha Saanane. Je, gharama zake zina maana, au ni mahali pa watalii wa kigeni? Na wazee wataweza?

Ndugu yetu, Saanane ni mahali penu kabla ya kuwa pa mgeni yeyote. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla serikali haijakitwaa mwaka 1964 na kukifanya bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Mwaka 2013 kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, nayo ndiyo ndogo kuliko zote Tanzania, kwani eneo lake pamoja na maji yanayokizunguka ni kilometa za mraba 2.18. Udogo huo ni faida kwenu: familia yenye wazee na watoto hukimaliza kisiwa kabla ya mchana kuwa mkali.

Gharama zipo za aina mbili, na watu wengi hukasirika kwa sababu waliuliza moja tu. Kuna kiingilio cha hifadhi, ambacho kwa raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, na kuna boti ya kuwavusha kutoka ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point. Watoto wadogo sana hawatozwi kiingilio, na wakubwa wao hulipiwa chini ya mtu mzima. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, maana bila hicho hamtakuwa na namna ya kuthibitisha uraia. Malipo hufanywa kwa mfumo wa serikali kupitia simu au benki, hivyo weka fedha kwenye simu mapema badala ya kwenda na noti mfukoni. Kundi la watu kumi kama lenu hutendewa vizuri na hesabu ya boti, kwa kuwa gharama ya kuvuka huwa nafuu zaidi inapogawanywa.

Kutoka Buhongwa daladala itawafikisha mjini, na kutoka hapo hadi Capri Point mwenye miguu mizuri hutembea, wazee wakapanda bajaji. Muwe mmekwisha fika saa tatu asubuhi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Wazee wenye magoti mabovu wasilazimishwe kupanda miamba. Chini karibu na maji kuna kivuli kizuri, na pimbi watawafuata hapohapo wakiota jua juu ya mawe. Vijana na watoto wapande juu, ambako jiji lote huonekana limepangwa mlimani. Bebeni maji ya kunywa na chakula, vaeni viatu vya kufunga, na mrudi na takataka zenu. Lakini msiingie majini kuoga, kwa maana mamba wapo.

Napenda kuongeza neno moja ambalo hamkuliuliza. Mkiwa Capri Point huenda mkafuatwa na kijana mwenye mtumbwi akawaahidi kuwazungusha kisiwa kwa nusu ya bei. Mkatalieni kwa adabu kama hana jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, na la saizi ya mtoto kwa kila mtoto. Watu wa Mwanza hatuhitaji kuelezwa sababu: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika hapa, na MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, ikiwa imejaza kupita kiasi.

Ninaishi Pasiansi. Mume wangu anasema watoto wetu waoge ziwani kama alivyooga yeye utotoni, lakini muuguzi aliniambia kuna kichocho. Wengine wanasema penye mawimbi hakuna kichocho, na kwamba ukijifuta haraka kwa taulo hupati. Nani ana haki?

Muuguzi ana haki, ingawa mume wako hakusema uongo. Alioga kweli, na yawezekana alipata kichocho bila kujua, kama walivyopata wengi wa rika lake.

Mayai ya kichocho hutoka na kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa, yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka humo vijidudu vingine vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya mtu, navyo hupenya ndani ya dakika chache bila kuhitaji kidonda. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia penye magugu na matete, na hapo ndipo ilipotoka imani kwamba penye mawimbi pana usalama. Hatari hupungua kweli mahali peupe, lakini haiishi, kwa sababu ziwa letu lina konokono wanaoishi hata mbali na magugu, na vijidudu husukumwa na maji. Kuhusu taulo, kujifuta kwa nguvu mara tu baada ya kurushiwa maji kwa bahati mbaya huweza kusaidia kidogo, lakini kwa mtoto aliyecheza majini saa nzima taulo limechelewa.

Kuna jambo moja linalowakera wapangaji wa matembezi nami sina budi kulisema: konokono hutoa vijidudu vingi zaidi wakati wa jua kali, yaani kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa mchana, ambazo ndizo saa familia zinapokuwa ufukweni. Kwa hiyo ushauri wangu ni kutenganisha ziwa na kuoga. Ziwa liwe la mchanga, la upepo, la kivuko, la kuangalia wavuvi. Na kama watoto wamekwisha jiandaa kwa kuogelea, basi siku hiyo moja lipeni bwawa la hoteli lenye maji yaliyotiwa dawa, mkakubaliana kwamba soda hakuna. Mkitaka kuwamwagia watoto maji ya ziwa nyumbani, yachoteni, yafunikeni, na yakae siku mbili, kwa kuwa vijidudu hivyo havidumu nje ya konokono muda mrefu hivyo.

Kwa watoto ambao wamekwisha kuoga, usingoje damu kwenye choo ndipo uende hospitali. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake huenda na uzito au urefu wa mtoto. Lakini dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, hivyo mtoto aliyeoga Jumapili akameza dawa Jumatatu anaweza kubaki na ugonjwa. Wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini ndizo zinazofaa kwa kupimwa na kutibiwa. Na ufukweni, tafadhali, chooni ni chooni. Mtoto anayejisaidia nyuma ya jiwe huanzisha mzunguko huohuo upya.

Mimi ni mwalimu hapa Magu. Wanangu wameona bahari kwenye televisheni na wanadai kwamba ziwa si bahari. Je, kuna namna ya safari ya siku moja?

Mwalimu, hakuna. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Waeleze kwamba ziwa lao lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, na kwamba hakuna pwani ya Bahari ya Hindi ambapo mtoto mwenye kiu anaweza kuchota maji, yakachemshwa, akanywa. Kisha wapeleke mwaloni, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi. Chagueni siku za giza la mwezi, kwani mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi haziwavuti dagaa na wengi hawaendi ziwani. Kirumba ni soko kubwa na lina msongamano; kwa watoto mialo midogo ni bora, na samaki wa asubuhi mtakaobeba kurudi nyumbani watafidia nauli.

Nina wadogo zangu wanne hapa Misungwi, nami ndiye mlezi wao. Nataka tuwahi asubuhi Mwanza, twende Ukerewe, turudi jioni. Naomba unisaidie ratiba.

Mdogo wangu, ratiba ninayo lakini sikupi. Kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, kwa meli ni saa tatu au zaidi kila upande, nawe utakuwa umeanza kwa basi la Misungwi. Mtakaa juu ya maji siku nzima na kukanyaga Ukerewe kwa muda wa kula tu, mkiwa na wasiwasi wa kuachwa. Ukerewe iwekee akiba ya siku mbili, mlale Nansio.

Kwa siku moja, kitu kikubwa kiko wilayani kwenu. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na mahali ambapo tulikuwa tukisubiri pantoni kwa saa nzima na zaidi sasa gari hupita kwa dakika chache. Pandeni haisi ya kuelekea Sengerema, wadogo wakae upande wa dirisha, mvuke, mteremke Busisi mle sato na ugali kwa mama lishe, kisha msimamishe gari lolote la abiria linalorudi Usagara. Magari ya njia hiyo ni mengi, na kutoka Usagara hadi Misungwi hamtasubiri sana. Ukimkuta mzee Busisi, msalimie na umwombe awasimulie wadogo zako jinsi foleni ya pantoni ilivyokuwa.