Re: GS Adventure au Africa Twin kwa safari ndefu?
Mkuu umeuliza uchukue pikipiki ipi, GS Adventure ya BMW au Africa Twin ya Honda, kwa kilomita 600 kwa siku na abiria nyuma, mi nakwambia BMW R 1250 GS Adventure. Tenki lita 30, haina cheni ya kupaka oili kila jioni maana inatumia shafti (chuma kinachozunguka kupeleka nguvu gurudumu la nyuma), na kioo chake cha mbele kinakata upepo vizuri sana, na upepo ndo unaochosha mtu kuliko hata siti. Ila siti iko juu, milimita 890, na pikipiki yenyewe ni nzito, kwa hiyo kabla hujalipa ipakie mizigo uisukume kinyumenyume uone kama unaimudu. Africa Twin nyepesi, kwenye mawe na mchanga iko poa zaidi. Halafu kaza springi ya shokapu ya nyuma ukibeba mtu, wengi wakichoka wanalaumu siti kumbe ni hiyo shokapu.